Mama Mdogo Kwenye Opera

Shikamoo mama,

Huku Arusha manyunyu hayakatiki. Jumamosi mama mdogo alishuka kutoka Akheri, nikampeleka sinema kutazama opera, ule mchezo wa kuigiza kwa kuimba, iliyokuwa inarushwa moja kwa moja kutoka Italia. Unajua tangu afiwe na mumewe hajaimba hata kanisani. Mwanamke mmoja jukwaani alipoimba peke yake huku analia, mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu naye amefiwa?"

"Ndiyo, na mume."

"Na bado anaimba!"

Leo asubuhi, akimenya ndizi jikoni, nimemsikia akiimba sauti yake ya alto ya kwaya taratibu. Nikasimama mlangoni na kikombe changu, nisithubutu kuingia.

Mdogo wako anaendelea vizuri, mama. Usikeshe ukimuwaza.

Nakukumbatia,
Neema