Kilichokuwa Chini ya Kasida

Jumatano, 3 Februari 1999
Zamu ya asubuhi, dobi ya hoteli. Mashuka, mashuka. Mgongo umekatika. Betri za redio nimezianika juani tena.

Mshenga amekuja. Jumapili Maalim Hamisi wa Msambweni analeta posa ya mwanawe kwa binti yangu Mwanasha. Mwanasha hali, halali, ampenda kijana huyo. Lakini Maalim ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwenye harusi yenye tarumbeta huondoka kabla ya wali. Naogopa.

Ijumaa, 5 Februari
Nataka Maalim akute kasida zikiimba. Kaseti ninayo moja tu. Ujanani niliirekodia dansi ukumbini, enzi za suruali pana chini. Nilipooa nikatia taarabu juu yake, ikafika nusu. Leo nimeziba matundu yake kwa karatasi ili irekodike tena, nikaenda kwa jirani mwenye deki mbili, nikatia kasida.

Mke wangu amenuna. Taarabu ile ilikuwa ya fungate yetu. Nimemwambia tumeshazeeka. Sikupaswa kusema hivyo.

Jumapili, 7 Februari
Fedheha.

Wageni wameketi, udi umefukizwa, kasida inaimba. Maalim anatikisa kichwa taratibu. Nikajisifu kwamba tangu utotoni sisikilizi kingine. Nikaenda jikoni kuchukua wali.

Sikujua kasida ni fupi vile. Ikaisha, kikaingia kipande cha taarabu, mwanamke akimpasha mke mwenziwe. Nimesimama mlangoni na sinia, mikono yote miwili imejaa. Kisha dansi. Kisha sauti yangu mwenyewe, kijana, nikipiga ukelele: "Bakari huyu hapa! Kiuno, mama, kiuno!"

Kitufe cha kuzima kilikwama. Nikang'oa betri.

Wamekula, wakaaga. Maalim kasema jibu litakuja. Mwanasha amejifungia chumbani.

Jumanne, 9 Februari
Hakuna jibu. Mwanasha hanisemeshi. Mke wangu hucheka peke yake jikoni, nikiingia hunyamaza. Kazini nimeunguza shati la meneja kwa pasi.

Mjinga mimi. Nimemharibia mtoto kwa kujitia mcha Mungu.

Ijumaa, 12 Februari
Maalim amekuja kusali msikitini kwetu. Baada ya swala akanishika mkono, akanivuta hadi penye viatu.

Posa ipo palepale, ndoa kabla Shawali haijaisha. Alhamdulillahi. Kisha akatazama kushoto na kulia, akatoa kaseti kanzuni.

"Nirekodie lile dansi, Bwana Bakari. Nami nililicheza sana zamani. Lakini mwanzoni unitilie kasida. Ndefu."

Jioni
Mwanasha anaosha vyombo, anaimba nyimbo za vijana nisizozijua. Kaseti ya Maalim iko kwa jirani, inatiwa kasida kwanza; yangu ninayo. Mke wangu amekuja kuketi karibu yangu, tunasikiliza kile kipande cha taarabu kilichosalia. Kifupi mno. Kikiisha nairudisha kaseti nyuma kwa kalamu, betri zisije zikafa.