Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Butimba, Mwanza
Jumanne, 10 Machi 1998

Kwako shemeji Malimi,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, na Justa na watoto ni wazima pia. Nakujulia hali kwa sababu marehemu baba yangu alinifundisha kwamba barua isiyoanza na salamu ni matusi, na matusi yangu nataka uyapate mbele kidogo, ukiwa umeshakaa vizuri. Sisi huku hatujambo kwa kiasi. Teodora anakohoa, na kila jioni ananiuliza mama yake atarudi lini. Namjibu Jumamosi. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu, umwambie namwombea mkono wake upone.

Ama baada ya hayo, barua yako nimeipata. Umeandika kwamba dada yako Selina hatoki Kiseke mpaka wazee wakae Jumamosi. Umeandika kwamba nilitaka kumuua mama yako kwa debe, ndivyo unavyoliita gari langu. Tena unaniamuru kabla ya kikao niwe nimelipeleka gari langu kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yote hayo umeyaandika kwa wino mwekundu. Malimi, wewe na mimi tulikaa dawati moja miaka minne, na mitihani ya hesabu ulikuwa unachungulia kwangu. Wino mwekundu ni wa mwalimu.

Nianze na gari, maana ndilo linalokuwasha. Sitalitetea. Hakuna mtu Mwanza nzima anayelichukia kuliko mimi ninayeliendesha. Lina miaka ishirini na minne. Sadru, tajiri yangu wa duka la vifaa vya ujenzi, aliniachia kwa bei ya kuagana alipoletewa Toyota yake kutoka Dubai, akanisihi nisilikimbize na nisiligombeze. Baba yake alikuwa akipakia watoto sita humo mpaka Musoma kutembelea ndugu. Labda siku hizo Waingereza waliolitengeneza walikuwa bado wanalikumbuka. Siku hizi ukikata kona kushoto honi inapiga yenyewe. Mlango wa nyuma wa kulia haufunguki kabisa, na kiti cha upande huo kimetoboka, springi ziko nje. Rejeta inakunywa maji kuliko ng'ombe. Likizima, haliwaki mpaka lisukumwe, ndiyo maana nyumbani naliegesha kwenye mteremko. Fundi Ngosha wa Mabatini, ambaye kwa kawaida hakatai kazi, aliniambia vipuri vya Moris kama hili vimekwisha nchini, na kwamba kila akifungua boneti anaona kazi ya mafundi wengine watano waliomtangulia na hakuna aliyemaliza.

Lakini lilikuwa langu. Nilipolinunua, Selina alilizunguka mara mbili, kisha akaingia akakaa mbele, akanyoosha kanga yake. Kwa miezi minane alikwenda nalo kanisani. Wewe ndiye uliyemharibia. Ulipoanza kuuza sangara kwenye viwanda vya minofu ukapata hiyo Mark II yako nyeupe, hukuridhika kuwa na gari, ukataka na mimi nisiwe nalo. Ulinibatiza Mzee wa Mkokoteni mbele ya wanao. Kwenye ubarikio wa mtoto wa Mzee Chenge uliniomba, watu wote wakisikia, nisiegeshe karibu na lako, lisije likaambukizwa.

Na Buzuruga sijasahau. Siku ya Krismasi liliponizimikia pale stendi, mbele ya vijana wako wanaopakia samaki, ulikuwa umekaa garini kwako na vioo vimefungwa. Uliteremsha kioo kidogo tu, ukawaambia vijana wanisukume, lakini wasukume wakiimba. Waliimba na kupiga makofi. Mke wangu alikuwa ndani, na binti yangu, amevaa gauni jipya. Stendi nzima iligeuka, hadi wauza ndizi. Wewe ulikuwa unatufuata nyuma polepole, unapiga honi kwa kufuata wimbo. Siku ile niliapa kwamba sitasimama tena Buzuruga, hata iweje. Kiapo hicho kikumbuke.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, Jumatano ya tarehe kumi na nane Februari. Najua umeshawasimulia wazee kwa namna yako. Mama alikuwa na homa siku ya nne. Barabara ya Kiseke mvua za El Nino zilikuwa zimeila, imebaki mashimo na tope. Gari lako lilikuwepo, Malimi. Lilikuwa uani kwako, limefunikwa turubai, na Selina alipokuja kuliomba jioni ya Jumanne ulimjibu kwamba limeoshwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, kwamba tope la Kiseke lina mawe, na kwamba mama asubiri kidogo barabara ikauke. Mama yako mzazi, asubiri barabara ikauke. Hilo kwenye barua yako sikuliona, labda wino ulikwisha.

Ndipo Selina akapanga yafuatayo. Yeye atangulie alfajiri hospitali kuwahi foleni, mimi nimlete mama, na Justa mkeo apande nasi akae naye nyuma. Mila zetu unazijua, ila naziandika kwa sababu tangu upate gari lenye kiyoyozi umekuwa msahaulifu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawatamkiani majina, na neno likiwepo hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa miaka tisa niliyomwoa Selina, sijawahi kusema na mama yako ana kwa ana, wala yeye na mimi. Heshima hiyo tumeitunza wote wawili bila kusukumwa na mtu. Kwa hiyo Justa alikuwa ndiye mdomo wetu.

Nilifika saa moja na nusu. Sikulizima. Mama alitoka akiwa amejifunika kanga mbili, akaingia nyuma kushoto, maana kulia nimeshakueleza kulivyo. Nikageuza kioo cha ndani kikatazama juu kwenye dari, kama ninavyofanya siku zote akiwemo, nisije nikakutana na uso wake. Kisha Justa akatoka getini, amevaa vizuri. Akalitazama gari. Akatazama chini, akasema kwamba umemkataza. Hakuna mtu wa nyumba yako, ulisema, atakayeonekana mjini ndani ya kitu kile. Namsamehe Justa, aliona haya wakati anasema. Wewe sikusamehe.

Na ule mlango, Malimi. Kitasa cha mlango wa nyuma wa kushoto kilikufa tangu Novemba. Huwa tunaufunga kwa kamba ya katani kutoka ndani, inayozungushwa kwenye nguzo ya kiti cha mbele. Kazi hiyo ni ya Selina, ana fundo lake. Asubuhi ile ili niifunge mimi ilibidi niingize nusu ya mwili wangu mle nyuma, nipitishe mkono mapajani kwa mama mkwe. Ni mkwe gani anaweza kufanya hivyo akaendelea kuitwa mtu? Kumwambia afunge mwenyewe, sikuruhusiwa. Kumwomba Justa nilishindwa kwa hasira, maana nilishampa mgongo. Nikaubamiza mlango kwa nje, nikajiambia utashika. Tukaondoka.

Yaliyofuata watu wote wanayajua. Mlango haukushika. Mama aliushikilia kwa mkono wa kushoto tangu tulipotoka kwake, ukifunguka anauvuta, ukifunguka anauvuta, na homa yake ile. Kwenye shimo moja ulimponyoka, ukarudi kwa nguvu ukamkuta vidole. Tulipofika hospitali Selina ndiye aliyefungua. Aliona kanga imelowa damu. Vidole viwili vilikatwa siku hiyo hiyo, cha kati na cha pete, kwenye mkono anaoshikia sufuria akisonga ugali.

Na wote mnajua alichosema mama. Alimwambia Selina, akamwambia daktari, akawaambia wazee waliokwenda kumwona kitandani, kwamba hakutoa sauti hata kidogo. Alisema mkwe wake hakusikia kitu, kwa sababu yeye alijiuma mdomo akanyamaza, asije akavunja heshima. Mzee Chenge alitoka pale akifuta macho. Tangu siku hiyo Kiseke nzima inamtaja kama mfano kwa mabinti wanaoolewa.

Basi sikiliza jinsi Jumamosi itakavyokuwa, nikusaidie usijisumbue. Utashindwa. Mzee Chenge alikuja hapa Butimba jana, akaniambia wazee wameshazungumza. Wamesema mkwe hakuwa na macho ya kuona wala masikio ya kusikia, hivyo hana hatia. Watauliza Mark II ilikuwa wapi. Watauliza kwa nini Justa alirudishwa getini. Wewe utatozwa ng'ombe mmoja kwa kumwacha mama yako akose mtu wa kukaa naye, na Selina ataambiwa achukue vitu vyake arudi kwa mumewe. Nilichotakiwa kufanya mimi ni kuvaa koti, kuja, na kukaa kimya. Baada ya Chenge kuondoka nilimwogesha Teodora nikiimba. Nilikuwa nimeshakushinda, na sikumbuki kama kuna kitu nimewahi kukitaka kama hicho.

Halafu Teodora akaniuliza kama bibi aliniita.

Ni swali la mtoto tu. Alitaka kujua ni kwa nini bibi alipoumia hakuniita. Nikafungua mdomo nimweleze habari za heshima, kama ninavyowaeleza watu wote tangu Februari. Nikashindwa kulimaliza neno. Ndiyo maana naandika.

Malimi, aliniita.

Shimo lile lilikuwa Buzuruga. Lilikuwa pale pale stendi, hatua chache kabla ya mahali vijana wako wanapopakia samaki. Walikuwepo, kama sita hivi, na mmoja alikuwa ameshaliona gari, ameshaanza kupiga makofi yale ya Krismasi. Nikasikia mlango ukigonga. Nikasikia pumzi yake. Kisha mama yako, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kunitamkia neno, akalitamka jina langu. Alisema, “Pius, mwanangu, simama.”

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayeomba maji. Nilisikia kila neno. Na nilijua kwamba nikisimama litazima, likizima watalisukuma, na wakilisukuma wataimba, na wewe jioni utasimuliwa. Nikakanyaga mafuta. Nilijiambia nitasimama mbele kidogo, wakishapotea machoni. Tulipofika Mabatini sikusimama pia, kwa sababu sasa ningesimama kwa kisingizio gani, wakati hapo aliponiomba nimepita? Alisema mara ya pili, jina peke yake. Baada ya hapo hakusema tena mpaka hospitali. Kioo kilikuwa kimetazama dari, na nilishukuru kwamba kimetazama dari.

Unasema gari ndilo lililomuumiza. Siku ile gari halikuwa na kosa. Halikukohoa wala halikuchemka, lilikwenda vizuri kuliko siku zote tangu nilinunue. Mlango ulimuumiza, sawa, na labda vidole vile vingekatwa hata kama ningesimama, daktari hakusema na mimi sikuthubutu kumuuliza. Lakini alivuja damu kutoka Buzuruga mpaka hospitali kule mlimani, akijua kwamba nimemsikia. Halafu akalala kitandani na mkono uliofungwa, akatazamwa na watu wazima wanamuuliza, akanisingizia ukiziwi ili binti yake asikose mume. Mimi nikaupokea uongo wake nikauvaa kama koti la kikao.

Usifikiri nimekuandikia wewe kwa sababu nakupenda. Sikupendi. Ungetoa gari lako siku ile, au ungemwacha mkeo apande, au ungeninyamazia Krismasi, mama yako angekuwa na vidole kumi, na hilo utakufa nalo. Lakini wewe ndiye msomaji wa barua katika nyumba ile, na ndiye pekee ambaye najua hutanihurumia. Ningemwandikia Selina angelia, akaichoma barua. Wewe utaisoma kwa sauti, tena kwa furaha. Ndicho ninachotaka. Bahasha sikuigundisha. Mzee Chenge anayeileta nimemruhusu aisome kwanza, akiweza.

Jumamosi nitakuja. Gari silipeleki kwenye chuma chakavu kwa amri yako, litakaa hapo kwenye mteremko na kamba yake. Nitapanda basi, nitashuka Buzuruga, na kutoka hapo nitakuja kwa miguu. Vijana wako waambie waimbe wakipenda. Wazee wakisema Selina abaki, atabaki, na Teodora nitamleta mwenyewe kwa mama yake, ingawa sijui nitarudije katika nyumba hii peke yangu. Naogopa, Malimi. Naandika hilo nawe ulisome kwa sauti.

Nisalimie Justa, mwambie sina kinyongo naye. Wasalimie watoto. Selina mpe salamu za bintiye, na umwambie dawa ya kikohozi nimeshampa.

Mama mkwe msalimie mwisho, tena mbele ya wote. Yeye nimekatazwa kumsemesha, na siku aliyovunja katazo hilo kwa ajili yangu sikumjibu. Jibu langu mpelekee wewe. Mwambie nilisikia.

Ni mimi shemeji yako,

Pius