Matairi ya Baba Mkwe na Tela la Mume Wangu

Shangazi mpendwa, nisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, karatasi nimeilaza juu ya usukani, kwa sababu nyumbani huwezi kushika kalamu bila kuulizwa unaandika nini, na mimi maji yamenifika shingoni.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ni dereva. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza mageti na madirisha, na mimi ndiye ninayewapelekea wateja kwa pikapu yetu inayovuta tela, tela ambalo alilitengeneza kwa mikono yake mwaka tuliooana, kuanzia ekseli mpaka kishikio cha kuliunganisha na pikapu, na kwa nyuma akachomelea neno TARATIBU kwa vipande vya nondo, eti ndivyo ninavyoendesha. Shangazi, tela hilo ndilo fahari yake. Mteja akiuliza kama anaijua kazi, hajibu, anamshika mkono anampeleka kulitazama.

Sasa sikia. Miezi miwili iliyopita baba mkwe aliniletea zawadi ya matairi manne mapya. Mzee huyu ananipenda, siwezi kumsingizia, tangu nijifungue mtoto wa pili mgongo wangu unauma na yeye ndiye aliyeliona hilo bila kuambiwa, alinikuta siku moja nashuka garini nimejishikilia mlangoni kama kikongwe. Kazi yake maisha yote ilikuwa kumwendesha mkurugenzi, miaka thelathini, na mpaka leo anajisifu kwamba bosi wake alikuwa anakunywa chai kiti cha nyuma na halikumwagika hata tone. Basi akachagua matairi laini kuliko yote yaliyokuwa dukani, akayashusha mbele ya ndugu wote, wifi yangu akipiga picha, akasema, "Mwanangu, sasa utaendesha kama umekalia godoro." Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Na kweli, pikapu ikiwa tupu ni raha mustarehe. Lakini siku ya kwanza nilipofunga tela lenye mageti mawili, nilipofika kwenye kona ya mteremko nyuma kukaanza kucheza, huku na kule, huku na kule, lori likinipita upepo wake unatusukuma na tela linauvuta mkia wa pikapu kana kwamba linataka kutangulia lenyewe, nikavuka mstari wa katikati ya barabara, na bahati yangu hapakuwa na mtu anayekuja. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kobe. Nikawakuta mume wangu na baba mkwe wamekaa uani wanakunywa chai, mume wangu akaniuliza, "Vipi, safari?" Nikamwangalia baba, nikayaangalia matairi yanavyong'aa, na mdomo wangu, sijui nani aliutuma, ukasema, "Tela linayumba kidogo."

Shangazi, hilo "kidogo" ndilo lililonifikisha hapa. Mume wangu aliiacha chai palepale akaingia chini ya tela na uzi wa kupimia. Tangu siku hiyo amekikata kishikio na kukichomelea upya mara tatu, amebadilisha ekseli, amepima kila pembe, na kila akimaliza ananiambia, "Kajaribu," nakwenda, linayumba vilevile, narudi namwambia bado. Zamani akiwa kazini alikuwa anapiga mluzi, majirani walikuwa wanamtania kwamba ana redio ya bure. Siku hizi hapigi. Wiki iliyopita alikuja mteja kuagiza geti kubwa, akamjibu, "Tafuta fundi mwingine, ndugu yangu, mkono wangu siuamini tena." Nilikuwa jikoni nikasikia kila neno, nikashindwa hata kukoroga sufuria.

Na hapo sijakwambia lililo baya zaidi. Mimi sibahatishi kwamba ni matairi, najua. Siku mume wangu alipokwenda kupima madirisha ya mtu, nilichukua jeki nikayatoa matairi mawili ya nyuma, nikafunga yale ya zamani, magumu, yaliyokaribia kuwa vipara, nikafunga tela na mzigo uleule, nikapita barabara ileile na kona ileile. Tela likanifuata kimya, utadhani halipo. Nikarudi, nikayabadilisha tena kabla hajafika, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikampokea mlangoni, "Pole na kazi, baba watoto." Naandika haya najionea aibu.

Nitasemaje sasa? Nikisema ni matairi, wifi atadakia kwamba shukrani ya punda ni mateke, na mzee mwenyewe atajiona hajui magari, wakati magari ndiyo kitu pekee anachojivunia duniani. Kila akija ananiuliza, "Mwanangu, matairi yanaendaje na tela?" nami namjibu, "Yanateleza kama siagi, baba." Ameshaniuliza mara tatu. Akinikuta naondoka anasimama getini analitazama tela mpaka nipinde kona, ndivyo anavyoifurahia zawadi yake. Na nikinyamaza, mume wangu ameapa kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu analikata tela vipande vipande, vyuma avifanye rafu za duka la mtu. Nifunike kombe mwanaharamu apite, au niseme, nyumba iwake moto?

Ni mimi, Dereva wa Taratibu

*

Dereva wa Taratibu,

Pole. Ishike vizuri pole hiyo, kwa sababu ni moja tu, sina nyingine ya kukupa.

Kabla ya mume, kabla ya mzee, kabla ya wifi na simu yake: usifunge tela tena kwa matairi hayo. Hata safari moja. Hata "hapo karibu tu." Unasema ulivuka mstari na bahati yako hapakuwa na mtu. Mwanangu, na siku bahati ikiwa imelala? Umeona haya kumwambia mzee neno moja, ukaona heri kona ya mteremko imwambie kwa niaba yako? Na ile safari yako ya siri kwa matairi vipara nayo iwe ya mwisho. Mvua ingekunyeshea huko, vipara hivyo vingeshika nini?

Mimi kuhusu matairi najua vumbi lake tu, kwa hiyo niliichukua barua yako nikashuka nayo kwa fundi matairi aliye chini ya ofisi yetu. Nilimsomea kwa sauti huku anaziba pancha. Nilipofika kwenye kona ya mteremko akasema, bila hata kuinua kichwa, "Ubavu wa tairi huo." Akanipa tairi la gari dogo nibonyeze ubavuni kwa dole gumba, likabonyea. Akanipa la gari la mizigo. Hapo kilichobonyea ni dole langu, na mpaka sasa linauma.

Alinieleza hivi. Tairi laini limetengenezwa kumbeba mtu na mkoba wake. Ukiliwekea pikapu yenye tela, ubavu unajikunja kwenye kona, gari linalala upande huu, linarudi upande ule, na tela nyuma linazidisha kuyumba. Kuongeza upepo kunasaidia kidogo, lakini hakuugeuzi ubavu laini kuwa mgumu, na ukizidisha kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye tairi unatafuta balaa lingine. Kwa kazi yako tafuta matairi ya gari la mizigo, ubavu mgumu, plai kumi, yaani yenye nguvu ya tabaka kumi. Soma uzito ulioandikwa ubavuni, uhakikishe unazidi ule utakaolala nyuma ya pikapu, pamoja na kishikio cha tela kinavyokandamiza. Yote manne yawe ya aina moja. Upepo pima asubuhi kabla gari halijapata moto. Na mageti yako, yale mazito, yasogeze mbele kidogo ya ekseli ya tela, usiyarundike mkiani. Hayo matairi laini si mabovu, amesema fundi, yamepewa tu kazi isiyo yao. Yana miezi miwili, mwenye gari lisilovuta kitu atayachukua kwa furaha.

Mambo ya mpira yameisha. Sasa tuje kwenye uongo wako.

Unaniambia unamstahi mzee. Heshima gani hiyo, ya kumlinda baba kwa kumvunja mwanawe? Mumeo anatambaa chini ya tela miezi miwili anatafuta kosa ambalo halipo, na wewe unayejua liliko unamwambia "bado". Neno hilo "bado" umelisema mara ngapi? Fundi akishaacha kuuamini mkono wake, mwanangu, hata ndoo hawezi kuitengeneza. Nilipofika pale kwenye mluzi niliiweka barua chini nikanywa maji. Nimekukasirikia, sikufichi.

Halafu nikaisoma tena, nikaona kitu ambacho wewe umekipita mbio. Mtu aliyeendesha gari miaka thelathini amekuuliza mara tatu, na hakuuliza "unaipenda zawadi yangu?" Ameuliza matairi yanaendaje na tela. Anasimama getini analitazama tela, wewe unasema anafurahia zawadi. Nani kakwambia? Dereva wa miaka yote hiyo akiona mkia unacheza anajua anachokiona. Mimi nadhani mzee wa watu ameshaanza kuingiwa na shaka, ana wasiwasi juu yako, na kila akikupa nafasi ya kusema unamwekea siagi mdomoni. Naweza kukosea. Lakini mtu anayetafuta sifa akishasifiwa mara moja anaridhika, haulizi mara tatu.

Basi fanya hivi. Leo, siyo Jumapili, siyo baada ya kufikiria, mwite mumeo mkasimame mbele ya tela lake. Anza na maneno haya: "Kazi yako haina kosa, na mimi nimejua siku nyingi." Kisha mweleze yote, na jeki, na sabuni. Atakasirika, na ana haki. Usikimbilie kulia ili akuhurumie, mwache aseme mpaka amalize. Ukweli wenyewe umembebea habari njema, mkono wake ni mzima, ila itamchukua muda kuiona kwa sababu wewe umeichelewesha.

Akitulia, nendeni wawili kwa mzee, wifi asiwepo. Mwambie, "Baba, matairi yako yameniponya mgongo lakini tela hayaliwezi, na mimi niliogopa kukuambia." Halafu mwombe mwende naye dukani, yeye ndiye abonyeze ubavu kwa dole lake, yeye ndiye asome maandishi. Mpe kazi ya udereva wake, usimpe huruma. Wifi akitaka kusema, mwache apige picha nyingine.

Matairi magumu yatakutikisa, hilo ujue tangu sasa. Mgongo wako hautayapenda. Kwa hiyo mkitoka dukani mwombe baba akuchagulie mto wa kukalia, mzuri, wa kuegemeza na kiuno. Alichotaka mzee tangu mwanzo ni wewe usiumie. Atakaa nao dukani saa nzima akiukandamiza kwa viganja, na wewe utasubiri bila kunung'unika. Mto haujawahi kuyumbisha tela la mtu.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi mashine iwashwe, ichomelee geti la yule mteja aliyefukuzwa, mkamrudishe kwa miguu yenu. Wewe funga tela, pakia, ondoka taratibu kama ilivyoandikwa, na mzee asimame palepale getini. Ukirudi akikuuliza mara ya nne matairi yanaendaje na tela, tafadhali mwanangu, siagi iache jikoni, mjibu kama dereva anavyomjibu dereva. Kisha zima injini, usikilize kama kuna mtu anapiga mluzi.

Shangazi yako