Baba Anaongezeka, Mimi Nipo Palepale

Shangazi mpendwa, shikamoo. Miaka yote nasoma ukurasa huu nikidhani mambo haya huwapata wenzangu tu, leo zamu imenifikia, ingawa sijui hata kama nililonalo ni tatizo au ni la kushangaza tu, ndiyo maana naliweka mbele yako unisaidie kulielewa.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na nane, nina chumba cha kushonea mbele ya nyumba, na kukaa kutwa kumenipa mgongo unaouma na mikono iliyolegea, basi wiki sita zilizopita mteja wangu mmoja akanishawishi tukaanza kwenda jimu, ile iliyo ghorofani juu ya duka la rangi, mara tatu kwa wiki, na mwalimu wa pale, bwana mwenye kifua ambacho sijui shati lake ningelikata vipi, akaniambia mazoezi bila protini ni kujichosha bure. Akaniuzia unga, anauchota kwenye gunia lililo chini ya meza yake na kuufunga kwenye mfuko wa plastiki, mweupe, unanukia vanila, akasema vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, nami kwa pupa yangu nikaacha chai na chakula cha mchana kabisa, nikawa nakunywa unga tu, nikijipa moyo kwamba mwili utaona nimekusudia.

Sasa, nyumbani nakaa na baba. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye maghala, mtu wa kubeba gunia huku anapiga soga, lakini tangu mama atutoke na maradhi kumwandama alikuwa amekwisha, suruali zake zote nilizipunguza. Siku moja akanikuta nakoroga, akauliza, "Hiyo nini?" Nikamwambia, "Chakula cha misuli, baba." Akajitazama mikono akasema, "Na yangu imekwenda wapi? Hebu nikorogee na mimi." Nilicheka mpaka nikamwaga, lakini nikamkorogea kwenye maziwa ya moto, akanywa, akalamba na kijiko, na kuanzia hapo ikawa asubuhi na jioni, na kwa kuwa sikupewa kile kikombe chake cha kupimia natumia kijiko cha kupakulia, na cha baba nakijaza zaidi kwa sababu ndiye mwenye shida.

Unajua fundi hawezi kuona kitu asikipime. Kila Jumapili nachukua tepu najipima, kisha nampima baba, naandika kwenye daftari la wateja, na hapa ndipo akili yangu imegota. Mimi ninayenyanyua vyuma mpaka naona nyota, mkono wangu wa juu ulikuwa sentimita thelathini na moja, leo wiki ya tano ni thelathini na moja. Baba anayekaa kwenye kiti kutwa nzima ameongezeka kila mahali! Kiuno kimetoka themanini na nne hadi tisini na moja, shavu la mguu limeongezeka nne, hata kifundo cha mguu, Shangazi, kimetoka ishirini na mbili hadi ishirini na sita. Mkono ndio umesuasua, nusu sentimita tu. Viatu vyake havimwingii tena, soksi zinamwachia alama kama mfereji kwa jinsi nyama ilivyojaa, nimefumua mishono ya kiunoni mara mbili kumwongezea nafasi. Na furaha aliyonayo sijaiona tangu msiba wa mama, jirani akipita dirishani baba anapandisha suruali kumwonyesha mguu, anamwambia, "Umeuona? Mwezi ujao narudi ghalani." Kitanda tu ndicho asichokitaka, anasema akilala chali anabanwa, kwa hiyo analala ameketi kwenye kiti na mito miwili.

Nakiri jambo moja. Mwaka jana kliniki walituambia figo zake zimechoka kidogo, wakampa karatasi ya vyakula vya kupunguza, nyama, maharage, chumvi na kadhalika. Niliisoma yote, neno unga halimo, nami sikuuliza. Miadi yake ni mwezi ujao.

Naomba unijuze: kwa nini unga uleule unamjenga baba na mimi unanipita pembeni? Je, kuna aina ya kuchagua inayowafaa wanawake? Na baba nimwongezee kijiko au hapo alipo panatosha?

Fundi mwenye maswali

*

Marahaba, fundi.

Wasomaji wangu wajue kwanza kwamba barua hii sikuiweka kwenye foleni. Imenifikia Jumatatu saa nne asubuhi, nimeisoma mpaka pale kwenye kiti na mito miwili, nikageuza bahasha kutafuta namba ya simu. Ulipokea ukaniuliza nataka kushonewa nini. Nikakuambia mpeleke baba hospitali sasa hivi, ukaniambia una sare kumi na nne za kumalizia. Tumebishana dakika nzima, mimi na wewe, huku mzee anahema sebuleni! Nilipandisha sauti, na siombi radhi.

Mwanangu, umepima vizuri kuliko wengi, ila umesoma vibaya. Kwako kila sentimita iliyoongezeka ni mwili uliojengeka. Kifundo cha mguu hakina nyama ya kujengeka sentimita nne kwa wiki tano, hata ungekuwa unamlisha ng'ombe mzima. Mguu unaobonyea chini ya soksi na kubaki na shimo umejaa maji. Mtu anayebanwa akilala, huenda maji yameanza kumsogelea na mapafu. Mimi si daktari na sitasema ni figo au ni moyo, wala sitasema unga wako ndio ulioleta yote. Lakini mtu aliyeambiwa figo zake zimechoka hapewi mzigo wa protini bila ruhusa ya wanaomtibu. Hiyo karatasi ilitaja nyama na maharage kwa sababu ya kilichomo ndani yake, na kilichomo ndani yake ndicho ulichokuwa unamjazia kwenye kijiko cha kupakulia. Neno unga halimo, unasema. Fundi, hata neno tofali halimo!

Ulifanya kwa mapenzi, hilo naliona, na baba akicheka nyumba nzima hupata nafuu. Ningekuwa wewe huenda na mimi ningekoroga. Ila ningeuliza kwanza.

Saa tisa alasiri umeniandikia kwa simu kwamba amelazwa, ameanza kupewa dawa ya kupunguza maji, na mfuko wa unga umemkabidhi daktari. Vyema. Wapelekee na lile daftari, maana tarehe zako zitawaonyesha uvimbe ulianza lini, na usifiche hata kijiko kimoja. Kama mwalimu wako alichanganya vitu vingine humo, vinaweza hata kuvuruga majibu ya vipimo, na wao wanatakiwa kujua wanapambana na nini.

Sasa nijibu uliyoniuliza, maana udadisi wako ni mzuri, tatizo ulianzia mwisho.

Mkono wako hauongezeki kwa sababu umejinyima chakula. Huo unga ni chakula kidogo cha kuongezea, nawe umeufanya mlo. Mwili uliokosa chai na chakula cha mchana una kazi ya kukuweka hai tu, huo mkono atauongeza nani? Na wiki tano ni chache. Kula mayai, samaki, maharage, maziwa, karanga, vile vya sokoni unavyovijua; wengi wanaofanya mazoezi ya kawaida hupata humo protini inayowatosha. Ukiona siku fulani umebanwa na kazi hukula vizuri, hapo unga unaweza kukusaidia, kipimo kimoja, si ndoo. Nyanyua chuma kizito kidogo kuliko cha wiki iliyopita. Lala.

Wa wanawake haupo. Rangi ya kopo tu ndiyo hubadilika, na bei. Ukinunua, nunua uliofungwa kiwandani, wenye lebo unayoweza kuisoma: umetengenezwa kwa nini, protini ni gramu ngapi kwa kipimo, sukari kiasi gani, unaisha muda lini. Majina ya vilivyomo yakiwa machache ndiyo bora. Ukiahidiwa kifua ndani ya siku saba, rudisha rafuni. Wa maziwa ukikuvuruga tumbo, upo wa soya. Na mwenye figo, mwenye ini, mjamzito, au anayekunywa dawa kila siku aulize kliniki kabla ya kununua, hata kama anayeuza ana kifua kama mlango. Unga wa kuchotwa kwenye gunia chini ya meza usiupeleke mdomoni. Wewe kitambaa usichojua kimetoka wapi hukikati, sasa tumbo lako umelikosea nini?

Limebaki moja, na ndilo zito. Umeniandikia kwamba baba yuko kitandani anadai unga wake, anawaambia wauguzi wanamnyima nguvu, na wewe unamtuliza kwa kumwambia utaletwa kesho. Acha hilo leo hii. Mzee wa watu ameamini kwamba mwili wake umerudi, amewaonyesha na majirani. Maji yakitoka atajiona amekonda kuliko alivyoanza, na kama hakuambiwa atadhani hospitali ndiyo imemmaliza, siku atakayotoka atakuomba umkorogee, nawe utashindwa kumkatalia.

Usimwachie daktari kazi hiyo. Vuta kiti ukae mahali anapouona uso wako, umwambie: "Baba, ule haukuwa mwili, ulikuwa uvimbe. Mimi ndiye niliyekupa bila kuuliza, na nimekosea. Nakutaka hai, hata ukiwa mwembamba." Halafu nyamaza. Atakasirika, huenda akageukia ukutani. Mwache akasirike mpaka amalize, na wewe usitoke chumbani.