Taa za Gari la Baba

Komredi wangu wa kwanza, dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la mapambano yote tuliyoyaanzia chini ya meza ya jikoni, wewe kiongozi, mimi umma. U mzima? Basi lako la abiria linakutii? Sisi hatujambo, ila jambo moja nitakalolifikia. Nivumilie nikizunguka, majukwaa ya chuoni yamenizoesha kutanguliza historia.

Lile gari mlilolisuka wewe na baba kwa vyuma chakavu limekamilika. Tangu ulipoondoka kwa hasira, baada ya baba kuapa kwamba hakuna mkono utakaoushika usukani kabla ya wake, hakuliendesha hata hatua moja. Likizo hii aliniita uani, akasema nyaya zimemshinda na kwamba vidole vyangu ni vyembamba.

Dada, lilikuwa gari la njozini. Ukiwasha taa, zilififia kama makaa, na waipa zikajikokota kiooni kama mtu anayepunga mkono usingizini. Ukikanyaga breki, redio ilinong'ona. Honi ililia kama njiwa. Mama akasema limemrithi baba: unaliuliza hili, linakujibu lile. Baba akasema heri lake hujibu, wapo wanaonuna wiki nzima.

Tulibadilisha fyuzi, tukapima betri, tukafuata kila waya. Nikahutubu kwamba penye vurugu tusiwalaumu wanaopiga kelele, tuutazame mfumo. Baba akaniambia niutazame huku nimeshika bisibisi. Ndipo nilipofungua boliti ya athi, yaani pale umeme unapopita kwenye bodi ili urudi kwenye betri, nikakuta chini yake rangi ya samawati, tabaka juu ya tabaka. Majirani walipoliita birika lenye magurudumu, wazee wetu walilipaka kwa uchungu, kila pembe, hata palipotakiwa kuachwa chuma kitupu. Umeme ulitoka, ukakosa njia ya kurudi, ukawa unabisha hodi kwenye mlango wowote. Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikawasha.

Jua lilikuwa linazama. Uani ukajaa mwanga. Nguo kambani, ndoo, vumbi lililoelea, vyote vikawa kama vimelala chini ya maji ya dhahabu. Baba alikuwa amesimama mbele ya taa, uso wote umeangaziwa, macho wazi. Akaniuliza kwa upole kama bado zimekataa.

Ndilo jambo lenyewe, dada. Mama alijua, akakatazwa kusema. Daktari anasema vilivyobaki machoni mwake ni vivuli tu, navyo havitakaa. Vidole vyangu vyembamba vilikuwa kisingizio.

Aliingia garini, akaushika usukani kwa muda mrefu, kisha akahamia kiti cha pembeni. Akaniagiza nikuandikie kwamba injini anaijua kwa sikio, kwamba atakuelekeza wakati wa kubadili gia, kana kwamba huendeshi basi kila siku, na kwamba usidhani anaomba msamaha. Mimi niliyeisikia sauti yake nakwambia anaomba.

Mama anakusalimu, na kitanda chako amekwisha kukitandika. Mimi ndimi mdogo wako, katika mapambano na nje yake.

Tunakutana Jumapili, saa moja asubuhi, uani. Njoo na leseni.