Mtu wa Tanga na Boti ya Mpira

Mjukuu wangu Sefu,

Hapa Silver Spring, Marekani, sote wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Cheka upendavyo nikikuita mjukuu, lakini babu yako ni kaka yangu, basi mimi ni bibi yako hata kwa miaka yangu ishirini na minane.

Umeuliza kama uwaambie wenzako wa chuo kwamba hujui kuogelea, kabla hamjashuka na boti ya mpira kwenye maji makali ya lile korongo la jangwani. Mwaka juzi nilipanga safari kama hiyo na Wanjiku, nesi Mkenya. Fomu iliuliza kama najua kuogelea, nikaandika ndiyo. Mtu wa Tanga, mtoto wa pwani, angejibu nini? Wiki nzima sikupata usingizi. Mwishowe nikampigia Wanjiku simu, nikakiri kwamba sijui.

Akapaza sauti: "Wewe! Na vile nimeomba tukae pamoja ndio uniokoe! Mimi hata beseni naogopa!"

Tulicheka mpaka machozi. Tukabadilisha fomu zote mbili, tukapangiwa sehemu ya mto iliyo tulivu, na usingizi ukanirudia.

Waambie leo. Huenda mmoja wao ameshaomba kukaa karibu nawe.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi