Thelathini na Saba Kushoto, Thelathini na Tisa Kulia

Jumapili, 4 Agosti 2024

Sabrina anaolewa! Haya, nimeliandika, sasa naweza kukaa chini.

Wazee wa Ibrahimu wamekuja leo kutoka Kondoa. Wamekula, wameshiba, mahari imepokelewa, tarehe imetajwa mbele ya watu. Sendofu, sherehe ya kumuaga, Jumamosi ya tarehe 24, ukumbi wa hapa hapa Nkuhungu. Ndoa kwao, wiki inayofuata. Mwanangu — mwalimu wa Kongwa, mtoto wa mama aliyeishia darasa la saba akauza mafuta ya alizeti kwa chupa — anaolewa na bwana mifugo. Baba Sabrina alijifanya anakohoa. Alikuwa analia, mimi namjua.

Wageni walipoondoka wanawake wa mtaa wakabaki kuosha vyombo. Nikatoa simu, nikawaonyesha viatu nilivyoviona mtandaoni, duka la Dar. Mchuchumio wa dhahabu, vidole vimefunikwa, kisigino inchi nne. Wakashika vichwa. Scolastika naye alikuwepo, rafiki yangu mwenye duka la viatu Majengo. Akasema hata yeye ana vya dhahabu, vimeshuka juzi, nipite nivione. Sijui nini kilinituma. Nikamjibu mbele ya wote: Scola, vyako ni vya kuendea sokoni, huyu wangu anaingia ukumbini. Wakacheka. Scola naye akacheka. Lakini chai yake aliiacha nusu, na Scola haachi chai.

Yeye, katika watu wote. Hapa mjini, nje ya nyumba hii, ni yeye tu anayeujua ule mguu, na anaujua kwa kamba, si kwa macho. Mguu wa kushoto wa Sabrina ni 37. Wa kulia ni 39. Aliungua shambani kwetu Busi akiwa na miaka mitatu, na wa kushoto haukukua kama mwenzake. Tangu anaanza shule nampima nyumbani, kamba mbili, naenda nazo Majengo nimezifunga kwenye leso. Narudi na pea mbili. Scola hajauliza hata siku moja. Watu wanamwona Sabrina ndani ya raba na soksi, wanasema anatembea kwa maringo. Nawaacha waseme.

Kwao Ibrahimu hawajui. Na siku ya sendofu bibi harusi anatembea peke yake toka mlangoni mpaka mbele — kushoto sisi, kulia wao — na kila jicho linamshuka toka kichwani mpaka chini. Atatembea amefunikwa vidole, amenyooka. Nimeapa.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeagiza. Dada wa lile duka anaitwa Lea, sauti tamu, kila neno mama yangu, mama yangu. Nikamwambia nataka pea mbili za aina moja, 37 na 39. Akauliza mbona saizi mbili?

Nimwambie nini, mtoto wa watu hata sura yake siijui? Nikasema 37 ya binti, 39 yangu mimi. Akafurahi mno. Mama na binti wavae sare, jamani, picha zitapendeza.

Uongo mdogo. Na 39 haiingii hata dole gumba langu, mimi miguu yangu ni ya jembe. Lakini pea mbili zikifika nachukua cha kushoto huku, cha kulia kule, kwisha habari. Wala sikuhitaji kumpigia mtu magoti Majengo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nzuguni kwenye maonyesho, kuangalia ng'ombe. Mimi nipo nyumbani nasubiri mzigo. Haujaja.

Aliyekuja ni Hamida, dada yake Ibrahimu. Ana fremu ya vitenge Majengo, anatazamana na Scola, barabara tu katikati. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Amekaa vizuri, amesifia mafuta yangu. Kisha akauliza wifi yake anavaa namba ngapi, mama yao anataka kumnunulia ndala za ndani, za manyoya, za kumkaribishia.

"Thelathini na tisa," nikasema.

"Mguu mkubwa kidogo," akacheka. "Kama wangu."

Nikacheka na mimi. Alipoondoka nikakuta nimeshika mfuniko wa chupa mpaka umeniacha alama kiganjani.

Jumanne, 13 Agosti

Mzigo umefika na basi la asubuhi. Nikaufungua kitandani, mlango nimeurudishia.

Nimetoa cha kushoto, 37. Kizuri kuliko picha. Kinang'aa, kisigino kama kalamu. Nimetoa cha kulia, 39. Rangi ile ile. Pua ile ile. Nikaviweka chini sambamba — kimoja kirefu, kimoja kifupi. Inchi nne na inchi mbili! Nikadhani macho. Nikavigeuza. Nikatoa na wenzao. Ndivyo vilivyo.

Nikampigia Lea, nimejiandaa kwa maneno. Hata hakunipa nafasi. Mama yangu, umeviona? Hiyo yako nimekubadilishia mwenyewe, nimekutafutia kisigino kifupi, magoti ya wazazi wetu tunayajua, mama yangu anasumbuliwa nayo. Na bei sikukuongezea.

Ningemgombeza vipi? Kaniheshimu. Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Halafu nikauliza taratibu, kama mtu asiye na shida, ile ya 39 ya kisigino kirefu ipo? Imeisha. Mzigo mpya mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi mwanangu yuko Kondoa kwa mumewe.

Jumatano, 14 Agosti

Nimezunguka mjini maduka sita. Upepo umenipiga vumbi, macho mekundu kama mla pilipili. Wanavyo vya dhahabu, wanazo namba zote, lakini kila niliposema nataka ya 37 na ya 39 na nilipie zote, wananitazama, wanauliza ni vya nani, natoka. Kwenye duka la mwisho dada mmoja akamwita mwenzake aje asikie. "Mama huyu anataka viatu vinne kwa miguu miwili." Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara, nanunua ninavyotaka. Nikatoka.

Chini ya kitanda changu kuna gunia. Ndani yake ni vile vinavyobaki kila nikinunua pea mbili — kulia 37, kushoto 39, na vidogo zaidi, mpaka vile vya chekechea vyenye kamba nyeupe. Vipya vyote, havijakanyaga udongo. Kumpa mtu haviwezekani. Kutupa, wataniuliza ni vya nani. Leo nimeongeza vile viwili vya Lea.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Scola. Sikuwa na pengine.

Alikuwa anafuta vumbi kwenye raba za watoto. Hakugeuka.

"Karibu," akasema. "Unakwenda sokoni?"

Nikalimeza. Nikakaa kwenye stuli ya wateja. Nikamwambia yote, la Lea, la visigino, la maduka sita. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea rafu. "Kwa hiyo umedanganya, na uongo wako umeheshimiwa."

Nikasema ndiyo, nicheke, nimestahili. Na lile la siku ile, Scola, ulimi wangu ulinitangulia.

"Ulimi wako unakutangulia kila siku, Mama Sabrina. Siku ile ulinipita hata mimi."

Nikamuuliza kama fundi anaweza kukata kile kisigino kirefu. Akasema hapana, ukikata vile pua inatazama juu, mtoto ataanguka mgongo. Kisha akaingia nyuma, akarudi na boksi. Ndani viatu vya dhahabu, vya kufunika vidole, inchi mbili. Cha kushoto 37, cha kulia 39. Ameshavichanganya. Nikauliza umevichanganya lini. Akasema siku aliposikia posa inakuja. Kabla ya chai ile.

Nikanyoosha mikono. Akafunga boksi.

"Mlete mtoto."

Nikamwambia kamba ninazo, hizi hapa kwenye leso. Akasema raba inapimwa kwa kamba, mchuchumio hapana. Mchuchumio mtu anasimama, anatembea, unaona unapomuuma. "Miaka ishirini nauzia mguu nisioujua. Mlete akae hapo ulipokaa."

Nikamwambia unajua ng'ambo ya barabara kuna nani. Anajua. Hamida alikuwa anakunja kitenge, anatupungia mkono.

"Unamvalisha nani viatu, Mama Sabrina? Mtoto au wageni?"

Nimeondoka bila boksi.

Jumamosi, 17 Agosti

Sabrina amekuja kutoka Kongwa, amepewa ruhusa mpaka harusi iishe. Nimemweleza huku nachambua mchele, ili nisimtazame. Nikasema tutafute njia, Scola aje nyumbani, au tumfuate asubuhi kabla Hamida hajafungua.

Akasema, "Mama, Ibrahimu anajua."

Tangu lini? Tangu zamani. Aliuona, akauliza kama unauma wakati wa baridi. Basi.

Nikamwambia Ibrahimu si mama yake. Mama yake hajui. Akasema basi na ajue, mimi nitakwenda Jumatatu saa nne, duka likiwa wazi. Sijawahi kukaa kwenye ile stuli, mama. Hata siku moja. Wenzangu wote walipelekwa kujaribu viatu, mimi naletewa nyumbani kama mgonjwa.

Sikujua alikuwa analihesabu hilo.

Nalo hili sijawahi kuliandika. Busi, baada ya mavuno, tulikuwa tunachoma mabua ya alizeti. Nilimlaza kivulini, nikaenda kuchota maji. Mara moja tu. Alipoamka akanifuata. Lile jivu lilikuwa jeupe, limepoa juu, hata wewe mtu mzima ungelikanyaga. Chini yake moto. Mtu akija kuniuliza, nimejiandaa kusema alizaliwa hivyo. Mtu akiujua mguu, swali la pili ni moja tu: alikuwa na nani?

Jumatatu, 19 Agosti

Tumekwenda. Saa nne, jua limewaka, Majengo imejaa.

Sabrina akakaa kwenye stuli. Akavua raba. Akavua soksi, taratibu, akaikunja akaiweka juu ya goti. Mimi nikasimama mlangoni, nimetanua khanga kama nawazuia kuku. Scola akasema, "Toka kwenye mwanga, mwenzangu."

Akaupakata ule mguu, akaubonyeza kwa dole gumba, kila mahali. Hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Vile vya kufunika vidole vilimbana kwenye kovu, Sabrina alipiga hatua tatu akakunja uso. Kamba yangu isingejua hilo. Wala Lea.

Sabrina akanyoosha kidole kwenye rafu. "Vile."

Vya wazi. Vidole vyote nje, mkanda wa kufunga kwenye kifundo. Nikasema hapana. Akavijaribu, 37 na 39, akatembea mpaka kwenye kaunta na kurudi. Haki ya Mungu, sijamwona anatembea vile. Scola akanitazama.

Hapo Hamida akaingia. Sijui alivuka saa ngapi. Akasalimia, akatazama chini, akatazama sana.

"Wifi, uliungua?"

"Niliungua. Shambani, Busi. Nina miaka mitatu."

"Maskini. Ulikuwa na nani?"

Sabrina akafungua mdomo. Nikajua atanifunika. Angesema na watoto wenzake, angesema hakumbuki. Miaka yote nimemfunika yeye, na sasa yeye anifunike mimi, pale, mbele ya watu.

"Alikuwa na mimi," nikasema. "Mama yake. Nilikwenda kuchota maji."

Hamida akainama, akaugusa ule mkanda wa dhahabu kana kwamba anapima kitambaa. "Vimemkaa," akasema. Kisha, akiwa mlangoni: "Nitamwambia mama."

Basi. Akavuka barabara.

Scola amevifunga kwenye boksi. Vinavyobaki, kulia 37 na kushoto 39, amevizuia. Akasema gunia langu limetosha. Kumbe alijua lipo.

Jumatano, 21 Agosti

Hakuna simu kutoka Kondoa. Kamati ya sendofu imepita, vinywaji tayari, mapambo tayari. Wote wanauliza viatu vya mtandaoni viko wapi. Nikawaambia viatu nimechukua kwa Scolastika, Majengo, na mwenye swali akamuulize yeye. Mmoja akasema kweli Scola ana vitu vizuri. Nikasema leo ndiyo unajua?

Alhamisi, 22 Agosti

Hamida amepiga. Salamu ndefu, za watu, za mifugo, za baridi. Kisha akasema mama yake anatangulia. Wengine Jumamosi na basi walilokodi, yeye Ijumaa baada ya swala, peke yake. Anataka kukaa na mimi kwanza. Wawili tu, kabla ya watu.

Nikauliza, kuna jambo?

Akasema, "Hakusema, mama. Ametuambia tu mkafunge ng'ombe, nina safari."

Sauti yake haikuwa mbaya. Haikuwa nzuri pia. Nimempikia mtu huyu mara ngapi kichwani tangu asubuhi, sijui. Naandaa maneno, yanakimbia. Nitamwambia nilivyomwambia Hamida. Mengine sina.

Nyumba imejaa shangazi wa Busi. Pa kukaa wawili ni chumba changu tu. Baba Sabrina ameinama akaliona lile gunia, akauliza alipeleke stoo. Nikamwambia liache.

Sabrina anataka mkanda nimfunge mwenyewe Jumamosi, si mpambaji. Nimejaribu jioni hii, amekaa kitandani, mimi nimepiga magoti, haya haya ya kuhurumiwa na Lea. Kulia tundu la kwanza. Kushoto tundu la tatu, usikaze, kovu linaanzia hapo. Mara mbili vidole vyangu vimekosea. Mara ya tatu nimefunga bila kutazama.

Kesho anakuja mmoja. Jumamosi wanakuja wote.